Fimbo, brashi au mashine? Zulia nililolikausha Bombambili na mtani wangu aliyekuwa ndani

Wakuu, salaam. Mnaonizidi umri shikamoo, ingawa sidhani kama humu mko wengi. Waliobaki wote marahaba mapema.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu njia ipi ya kusafisha zulia ni bora kuliko zote. Majibu mengi niliyoyasoma ni ya watu wanaouza huduma, na kila mmoja anasifia mashine yake. Mimi siuzi kitu. Niliifanya kazi hiyo Songea miaka ya ruksa, mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu na kila mtu akaambiwa ajitegemee.

Nitakayoandika ni ya kweli. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hadithi hii.

Nianze na utaalamu, maana ndio ulioulizwa.

Zulia linaloweza kutolewa nje, lipige kwanza. Litundike kwenye kamba imara au ukuta mfupi, lipige kwa fimbo upande wa nyuma mpaka vumbi liishe. Udongo wetu wa Songea ni mwekundu na laini, unashuka mpaka kwenye mashina ya nyuzi na kutulia huko. Ukimwaga maji kabla ya kulipiga, umetengeneza tope. Kwa kutoa mchanga sijaona kinachoishinda fimbo na jua. Ila fimbo haitoi mafuta, wala haitoi harufu ya mtoto aliyekojoa.

Brashi na povu la sabuni ndiyo njia ya wengi. Doa linatoka, rangi inafufuka, mteja anafurahi siku hiyohiyo. Tatizo ni sabuni inayobaki kwenye nyuzi. Inanata. Baada ya muda zulia linachafuka upesi kuliko zamani na mwenye nyumba anawagombeza watoto bure.

Kuna unga mkavu. Unaumwaga, unasugua, unauacha unywe uchafu, kisha unapitisha vacuum. Ni mzuri kwa zulia lisilotakiwa kulowa. Sisi tulikuwa tunatumia pumba laini za mahindi zilizokaushwa vizuri, na kwa mafuta ya taa na ya kula zilifanya kazi. Cheka, lakini jaribu.

Halafu kuna mashine ya maji ya moto. Inasukuma maji yenye sabuni ndani ya zulia na kuyavuta papo hapo. Hiyo ndiyo inayosafisha kwa kina kuliko zote, sibishi. Lakini sifa yake iko kwenye kuvuta, haiko kwenye kumwaga. Mashine inayomwaga vizuri na kuvuta vibaya ni msiba.

Neno hilo nimelichagua.

Sasa mnivumilie, niwaeleze kwa nini nalijua hili.

Mimi ni Mngoni, jina la ukoo Komba. Tuko wengi, hivyo sijajitaja. Nilizaliwa upande wa Namtumbo, baba yangu akiwa mkulima wa tumbaku. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata ukarani katika shirika moja la umma pale mjini. Dawati lililofuata alikaa Mhehe mmoja kutoka Iringa, anaitwa Kikoti. Mnene, mcheshi, mwenye kikohozi kinachomtangulia mlangoni.

Wasiojua: Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi. Mtani wako unamwambia lolote na haruhusiwi kukasirika. Unaweza kuingia kwake ukafunua sufuria. Tulipokutana asubuhi hatukusalimiana kama watu wengine.

Yeye ananiita mtumwa wangu. Mimi namwita mtumwa wangu. Ananiuliza kama leo Wangoni wameruhusiwa kuvaa viatu. Namwuliza kama mbwa wa jirani bado yuko hai, maana Wahehe tunawatania kuwa wanakula mbwa. Mkewe, Mama Neema, alikuwa Mhehe pia, kwa hiyo na yeye alinipa vya kwangu. Nikifika kwao mtaa wa Lizaboni alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Ficheni nyama, mtumwa wa baba yenu amekuja."

Miaka yote hiyo sikumbuki Kikoti akiniita kwa jina langu, wala mimi kumwita la kwake, isipokuwa mbele ya mkubwa wa kazi.

Nawaomba mlikumbuke hilo.

Shirika lilipotupunguza, tulitoka pamoja. Wenzetu wengine walifungua maduka, wengine walirudi kulima mahindi. Sisi tuliona mjini watu wameanza kuleta mazulia. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye nafuu alitaka sebule yenye zulia na kabati la kioo. Nani atayasafisha? Tukaanza na fimbo, brashi na pumba. Kazi ilikuwa ngumu lakini tulicheka sana. Nikipiga zulia yeye anahesabia Wangoni waliouawa na babu yake. Akipiga yeye nahesabia wa kwetu.

Mashine ilikuwa wazo langu. Niliiona Dar, imetumika Ulaya, inauzwa pamoja na majokofu na mapasi. Kikoti alisema tuendelee kwanza na mikono tuone. Nilimwambia Mhehe hajawahi kuona mbele ya pua yake. Tulicheka, na mashine ikapandishwa basi kuja Songea.

Ilikuwa inamwaga maji kama mvua ya Machi. Kuvuta ilikuwa inavuta kama mzee anayekunywa chai ya moto. Nililijua hilo tangu zulia la kwanza. Sikulisema, kwa sababu mimi ndiye niliyeileta. Kiangazi halikuonekana kosa, tulitoa mazulia nje na jua likamalizia kazi.

Ikaja masika.

Kulikuwa na mama mmoja mtaa wa Bombambili, mfanyabiashara wa mazao, tunamwita Mama Salma. Alikuwa amejenga nyumba mpya na sebule ameitandika zulia la ukuta kwa ukuta, limegundishwa sakafuni. Halitoki. Wageni wa posa ya binti yake walikuwa wanakuja kesho yake, na zulia lilikuwa na matope ya masika na mafuta ya taa yaliyomwagika. Fundi mwingine alimwambia alipake pumba, alisugue, afunike palipobaki kwa mkeka. Lilikuwa jibu zuri. Mimi nilimwahidi zulia jipya.

Tulipita na mashine asubuhi. Rangi ilitoka nzuri mno, Mama Salma akapiga vigelegele. Kisha akachukua watoto wake wakaenda kupika kwa dada yake, akatuachia nyumba ikauke.

Haikukauka. Ukikanyaga, maji yanapanda kati ya vidole. Nje mvua, na umeme ulikuwa umekatika mara tu tulipomaliza, kwa hiyo hata hiyo mashine yenye mapafu mabovu hatukuweza kurudia kuvutia. Kikoti alisema tumfuate yule mama, tumweleze, tutandike mikeka juu. Mimi nikawaza bani.

Bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku. Kwetu tumbaku ilikaushwa kwa moto na moshi. Majani yananing'inizwa ndani, moto unawashwa chini, na kila tundu linazibwa ili joto lisitoke. Tangu utoto kazi yangu ilikuwa kuziba matundu ya bani la baba kwa udongo. Tundu moja likibaki, majani yanaharibika na mimi nachapwa. Kwa hiyo kichwani mwangu kukausha kitu maana yake ni moto na kuziba. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma.

Nikakusanya majiko ya mkaa, mengine ya Mama Salma, mengine ya kuazima kwa jirani. Tukayapanga sebuleni juu ya matofali. Nikafunga madirisha. Chini ya mlango wa mbele nikasokomeza gunia. Kikoti akabaki ndani kuangalia cheche zisidondoke kwenye zulia na kuongeza mkaa. Mimi nikaenda Lizaboni kwa mteja mwingine aliyeulizia mashine, maana nilikuwa tayari nalihesabu zulia la Mama Salma kama limekauka.

Bani lilikuwa na moto na majani. Halikuwahi kuwa na mtu ndani. Nimelifikiria hilo muda mrefu sana, lakini siku ile sikulifikiria hata dakika moja.

Njiani mvua ilizidi, nikarudi kuchukua mwavuli. Nikamkuta Kikoti amefungua dirisha moja, kichwa kiko nje, mvua inamnyeshea usoni.

Nilimgombeza. Nilimwambia joto lote linatoka, wageni watakuja kukaa kwenye kinamasi.

Akasema, "Komba, kichwa kinaniuma kweli."

Nikacheka. Nikamjibu, "Kinauma nini na wewe huna? Kaa humo mtumwa wangu, Mhehe hafi kwa joto."

Na yeye akacheka kidogo. Akaingiza kichwa ndani. Nikalivuta dirisha kwa nje, nikalisukuma mpaka nikasikia kitasa chake kimebana. Nikachukua mwavuli wangu nikaenda.

Yule mteja wa Lizaboni alinichelewesha. Alikuwa msemaji, akanipikia mahindi ya kuchemsha, nikala.

Niliporudi niligonga dirisha nikamtukana kama kawaida. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amelala kwenye zulia karibu na lile dirisha, amekunja koti chini ya kichwa kama mtu anayepumzika. Nilimpiga teke la utani mguuni.

Nilimvuta mpaka barazani. Na mimi nilikuwa naona giza. Hewa ilipoingia nikapata akili. Yeye hakupata.

Wakuu, hapa ndipo pagumu zaidi kuliko pale pa dirisha.

Kabla ya kuita mtu, nilirudi ndani. Nilitoa majiko, moja baada ya jingine, nikayapeleka jikoni nje kama yamewekwa tayari kwa mapishi ya wageni. Nikatoa gunia mlangoni. Nikafungua madirisha yote. Ndipo nikatoka barabarani kupiga kelele.

Alikuwa ameshakufa nilipomtoa, nina hakika. Lakini hakika hiyo niliipata mwenyewe, kwa vidole vyangu, na kwa kutaka iwe hivyo. Pengine kulikuwa na muda. Sijui. Hicho ndicho ninacholala nacho.

Hospitali waliniuliza tulikuwa tunafanya nini. Nikasema tunasafisha zulia. Wakatazama unene wake, wakasikia habari za kikohozi chake, na hawakuwa na vifaa vya kutafuta zaidi. Watu wakasema moyo. Wengine wakasema presha ya kupunguzwa kazini. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kukawa ushahidi.

Zulia lilikauka vizuri. Posa ilisogezwa mbele, lakini ilikuja, na nilisikia wageni walilisifia.

Tulimzika palepale Songea, kwa kuwa nauli ya kumpeleka Iringa ilikuwa ngumu. Na kwenye msiba wa Mhehe, mtani Mngoni ana kazi. Yeye ndiye anayezuia jeneza, anavaa nguo za marehemu, anaiga kutembea kwake, anamtukana mpaka wafiwa wacheke. Bila mtani, msiba ni mzito haubebeki. Tuliahidiana mara nyingi na Kikoti, atakayetangulia mwenzake amwaibishe.

Watu walinisubiri. Nilikuwa nimejificha nyuma ya watu. Mzee mmoja wa Kihehe akauliza kwa sauti, "Mtani wake yuko wapi, au Wangoni wamekimbia tena kama kawaida yao?" Watu wakaanza kutabasamu wakinitafuta kwa macho. Mtu akanivisha koti la Kikoti. Lilikuwa lilelile.

Nikaenda mbele ya kaburi nikiwa sijui nitasema nini. Nikafumbua mdomo ikatoka kweli.

Nikasema, "Nyamazeni, msimlilie. Nimemuua mimi. Nimemfungia ndani, nimemwanika kama tumbaku."

Makaburi yote yalicheka.

Walicheka kuliko nilivyowahi kusikia watu wakicheka msibani. Yule mzee akapiga makofi. Mama Neema, ambaye tangu juzi yake alikuwa hajanywa hata maji, akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema, "Mtumwa huyu atalipa." Wanawake wakamshika wakicheka naye. Jioni ile alikula.

Nilibaki nimesimama na lile koti. Nilikuwa nimesema kila kitu mbele ya watu wote, na hakuna aliyesikia. Kusema nimwambie Mama Neema upya, nimwambie hapana, sikuwa natania, nimpokonye hata kile kicheko, sikuweza. Au sikutaka. Mzee akiandika mambo haya anajua tofauti ya hayo mawili, hata kama hapendi kuikiri.

Baada ya muda Mama Neema alihamia Iringa kwa ndugu zake na watoto. Mashine niliiuza. Nilirudi kwenye fimbo na brashi, peke yangu, mpaka mabega yakakataa. Kaburi nalipalilia mwenyewe kila majani yakipanda, na nikifika namtukana kidogo, kwa kuwa sijui namna nyingine ya kumsalimia.

Miaka ikaenda. Siku hizi redioni kila baridi ikiingia daktari anaonya watu wasilale na jiko la mkaa ndani. Kila nikisikia nazima redio. Siku moja mjukuu wangu akaniuliza kwa nini nazima. Nikamwambia betri. Ilikuwa inatumia umeme. Alinitazama tu.

Nikapanda basi kwenda Iringa.

Neema ni mtu mzima sasa, ndiye aliyenipokea. Mama yake amezeeka lakini sauti ni ileile. Akaita watoto wa Neema kutoka nje: "Njoni mwone, mtumwa wa babu yenu hajafa bado." Watoto wakaja wakicheka. Mmoja akaniuliza kama ni mimi niliyemwanika babu kama tumbaku. Kumbe amewasimulia. Amekuwa akiwasimulia miaka yote, kila wakimwuliza babu yao alikufaje, anawapa lile neno langu la makaburini, wanacheka, wanalala.

Nilingoja watoto watoke. Nikamwambia sikuwa natania. Akacheka, akasema anajua, Wangoni wote wauaji.

Ndipo nikamweleza taratibu, kama nilivyowaeleza ninyi. Mashine. Bani. Majiko. Gunia. Dirisha. Na nilivyorudi ndani kutoa majiko kabla ya kuita mtu.

Kicheko kilimtoka polepole, nilikiona kinavyoondoka usoni.

Hakulia. Hakunifukuza. Alikaa akizungusha kikombe, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulipokuwa unalifunga dirisha, alikwambiaje?"

"Alisema, Komba, kichwa kinaniuma kweli."

"Alikuita Komba?"

"Ndiyo."

"Hakusema mtumwa."

"Hapana."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Hata mimi, wakuu, nilikuwa sijaligundua mpaka nilipolisema kwa mdomo wangu mbele yake. Miaka yote nilikumbuka dirisha, sikukumbuka jina. Mtu aliyeniita mtumwa kila siku ya Mungu tukiwa wawili aliniita kwa jina mara moja tu, ili nijue hatanii.

Alinipikia. Nililala kwao, nikatandikiwa shuka safi. Asubuhi alinisindikiza mpaka stendi ingawa miguu inamsumbua. Gari lilipotaka kuondoka akasogea dirishani.

Akasema, "Safari njema, Mzee Komba. Wasalimie nyumbani."

Tangu siku hiyo huwa nampigia simu sikukuu. Anapokea, anauliza afya yangu, anauliza mvua. Ni Mzee Komba kwa heshima zote. Hajawahi kunitukana tena.

Nirudi kwa kijana aliyeuliza.

Piga kwanza, utoe mchanga. Kwa doa tumia povu kidogo na ulisuuze kwa kitambaa chenye maji masafi. Kwa mafuta, unga mkavu. Ukitaka usafi wa kina tafuta mashine ya maji ya moto, lakini kabla hujamwita fundi mwambie akuonyeshe inavyovuta: apitishe, kisha ubonyeze kitambaa kikavu. Kikilowa chapachapa, mshukuru, mrudishe na mashine yake. Na masika usioshe zulia lisilotoka nje. Wageni wakalie mkeka. Hakuna posa iliyovunjika kwa sababu ya mkeka.

Kukausha ni upepo. Fungua madirisha yote, hata kama kuna baridi, hata kama zulia litachukua muda. Mkaa usiingie ndani kabisa.

Na mtu akikwambia kichwa kinamuuma, hata awe mtani wako, hata awe ametania maisha yake yote, acha kucheka kwanza umwangalie usoni.

Hayo ndiyo yangu. Wenye uzoefu wa mashine za siku hizi waongeze, maana mimi nilizijua zile za zamani. Wanaotaka kunilaumu nafasi ipo, nitasoma yote. Na kama humu kuna Mhehe, naomba kitu kimoja tu. Nitukane kidogo.